Nilivyoshuka Kwenye Keria

Jumapili jioni, Oktoba 1979

Sasa tuko sawa. Ama karibu, maana kifua bado kinaniuma nikikohoa.

Jumapili iliyopita mume wangu alinipiga teke mbele ya kanisa zima. Yeye hushuka kwa madaha, baiskeli ikiwa bado inaenda, mguu ukipita juu ya keria ya mizigo nyuma. Na kwenye keria nilikuwa nimeketi mimi! Nikaanguka, kitambaa huku, Biblia kule. Akasema nini? "Pole, Mama Nyambura. Nilisahau nimekubeba." Akacheka. Akina mama nao wakacheka, hata mke wa mchungaji.



Leo tukienda kanisani, mimi nyuma kama kawaida, karibu na Kiamaiko mbuzi walijaa barabarani. Akasimama, mguu mmoja chini, akaanza kuwafokea wenye mbuzi. Mimi nikashika rinda langu, nikashuka polepole, nikanyamaza. Njia ilipofunguka akakanyaga pedali, akapaa. Nadhani alijiona amepata nguvu.

Waliokuwa kanisani wameniambia alisimama kabisa mlangoni, akapitisha mguu kwa mbele, taratibu, kama anayemvuka mtoto aliyelala. Kisha bila kugeuka akanyoosha mkono nyuma: "Shuka, mama." Mkono ukabaki hapo hapo.

Nilipofika kwa miguu, akina mama walikuwa bado wanajifuta machozi ya kicheko. Akanijia mbio, jasho tele.

"Ulianguka wapi?"

"Pole, Baba Nyambura," nikamwambia. "Nilisahau kukuambia nimeshuka."