Kumbukumbu ya Mama Lei Shuqing, Aliyewavika Askari Makoti ya Kila Rangi

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuache asubuhi ile ya ukungu, huku bado ukimgombeza Baba kwa kuzidisha chumvi kwenye mtungi wa achari ya kabichi. Nyumba ina ukimya ambao hatujauzoea. Hakuna anayetema maganda ya mbegu za tikiti uani, hakuna anayebishana na muuza pilipili mpaka mtaa mzima wa Baishituo utoke kuchungulia.

Mikono yako ilikuwa ya bluu hadi viwikoni. Tulipokuwa wadogo tulidhani mama wote wako hivyo.

Wapo mjini wanaotaka tukutaje kwa sauti ya chini. Wanasema uliliaibisha jeshi la jimbo letu la Sichuan. Basi tunalisema jambo lote hapa, wasikie vizuri.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita na Wajapani. Ulipewa kazi ya kutia rangi makoti ya pamba ya vijana waliokuwa wakipelekwa kaskazini. Siku hizo kila jimbo lilivalisha askari wake lilivyoweza, na rangi ya kwetu ilitakiwa iwe kijivu. Lakini rangi ya dukani ilikatika bandari zilipotekwa. Ukachemsha ulichokipata: nili, maganda ya jozi, masizi ya vyungu vya majirani. Makoti yakatoka ya kijivu, ya bluu iliyopauka, ya kahawia, mengine ya kijani kama maji ya bwawa.

Kapteni Ou, afisa wa vifaa, alipoyaona alipandwa na hasira.

"Shemeji, hiki ni kikosi au genge la sokoni? Sipokei! Yafungiwe ghalani mpaka yatiwe rangi upya."

"Yatiwe kwa kitu gani, Kapteni? Kwa mate yangu? Vijana wanaondoka kesho."

"Wataondoka na nguo walizonazo."

Walikuwa na kaptura za kiangazi na ndara za majani ya mpunga. Mmoja wao, Gou Tianlu, alikuwa akitetemeka kwa baridi pale pale juani.

"Na huko vitani," Kapteni akasema, "nani atajua hawa ni askari wa nani?"

"Mama zao watawajua."

Kisha ukapanda juu ya marobota ya makoti, ukaanza kuwarushia vijana. "Haya wanangu, vaeni! Asiyependa rangi afumbe macho!" Baba alikuvuta pindo la nguo. Ukamwambia, "Changtai, niache, nisije nikakuchovya na wewe kwenye nili." Vijana wakacheka, wakavaa. Kapteni alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, lakini mtaa mzima ulikuwa umesimama ukimtazama, na hakuthubutu kumvua hata mmoja.

Alilipiza baadaye. Watu wake walipindua mapipa yako ya rangi, na kazi ikapelekwa mji mwingine. Majira yale ya baridi tulikula viazi vitamu mpaka tukavichukia. Mzee wa mtaa alikuja kukushauri ukaombe radhi. "Radhi ya nini?" ulimuuliza. "Ya kuwafunika watoto wa watu?" Hakurudi tena.

Wengi wa vijana wale hawakuonekana tena. Gou Tianlu alirudi bila sikio moja, akapiga magoti mlangoni.

"Shangazi, vikosi vingine vilitucheka njia nzima. Theluji ilipoanza kuanguka, wakaacha kucheka."

Ulimwinua, ukamuuliza kama amekula. Ulimpakulia, ukakaa naye mpaka akamaliza bakuli. Kisha ukaenda nyuma ya nyumba, na hiyo ndiyo siku pekee tuliyokusikia ukilia.

Mwaka jana, kwenye mazishi yako, mkubwa mmoja wa mji alitunong'oneza tusiliguse jambo hili. Binti yako Huilan alilisimulia mbele ya jeneza, kwa sauti uliyomrithisha wewe. Na tutalisimulia tena mwakani. Anayeona haya kwa ajili yako aje atuambie usoni, anajua tunapokaa.

Unakumbukwa na mumeo Pu Changtai, wanao Dezhong na Huilan, mkwe wako Xiang Ronghua, na wajukuu wako wote.

Siku zote tutakukumbuka, Mama, na tutakutaja kwa sauti kubwa.