Karatasi za Siri Mezani kwa Fundi Makufuli

Jumamosi, 7 Juni

Sauti imenikauka! Leo nimekuwa mlinzi wa geti, nimekuwa tajiri mwenye mkufu, nimekuwa hata mbwa wa tajiri — na Mwalimu akasimamisha mchezo kuuliza kama huyo mbwa amechanjwa.

Ndiyo siku ya kwanza ya genge letu. Ni mchezo wa mezani wa kuigiza wizi, na tumeucheza dukani kwa Baba, saa tisa alasiri, alipokwisha kufunga. Meza ni ile ya mashine ya kuchongea funguo. Tumepangusa vumbi la shaba, tukatandaza ramani. Wachezaji watatu. Baba ni mfungua makufuli wa genge — angekuwa nani mwingine? Mdogo wangu, Kitinda, kitindamimba wetu, ni dereva. Jirani yetu Mwalimu, mstaafu wa hesabu, ndiye mpanga mipango. Mimi ndiye msimamizi: nahadithia, naamua, nalaumiwa. Baba ananiita Hakimu.

Kazi yao ni kuiba mkufu ulio kwenye sefu ya tajiri, ambaye naye aliwadhulumu wajane. (Wajane nimewaongeza mimi. Baba alikataa katakata kumwibia mtu mwema.)

Ugomvi haukukawia. Nikamwambia Baba arushe dadu tuone kama sefu imefunguka. Akanitazama kama nimemtukana mbele za watu. Miaka thelathini na minne anafungua makufuli, leo akaombe ruhusa kwa kidude cha plastiki? Nikamsomea kitabu cha kanuni, ukurasa wa kumi na tisa. Akasema aliyeandika ukurasa huo hajawahi kushika kufuli maishani mwake. Mwalimu akaanza kutupigia hesabu ya uwezekano. Baba akamwambia akae na uwezekano wake. Basi. Sefu bado imefungwa na genge limejificha chooni kwa tajiri mpaka wiki ijayo.

Lakini amecheka! Mara tatu, nimehesabu. Tangu Mama atutoke, miaka miwili sasa, sijamsikia Baba akicheka ndani ya duka lile.

Jumapili, 8 Juni

Nimesoma ushauri kwa wasimamizi, sura nzima. Kubwa kuliko yote: usimjibie mchezaji. Muulize, "Unafanya nini?" Kisha funga mdomo.

Kufunga mdomo! Mimi! Kazi yangu ni mapokezi kwa daktari wa meno. Naongea tangu asubuhi, na wagonjwa, midomo imevimba, hata kujibu hawawezi.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata dawa ya Baba! Badala ya dadu tutaweka kufuli la kweli mezani, na ile saa ya mchanga ya kliniki, ya dakika tatu, tunayofundishia watoto kupiga mswaki. Akifungua kabla mchanga haujaisha, sefu imefunguka. Akishindwa, king'ora kinalia. Nimempigia simu kumweleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kufuli atalileta nani? Nikasema Mwalimu. Akasema hapo sawa, Mwalimu hana huruma.

Mchana nilikuwa najizoeza sauti ya inspekta wa polisi wa mchezoni. "Utasema au husemi?" Kumbe kuna mgonjwa amesimama nyuma ya kaunta. Akainamisha kichwa, akakiri kuwa usiku huwa hapigi mswaki.

Jumamosi, 14 Juni

Loo, leo! Mwalimu alitoa mfukoni kufuli la baiskeli lenye kutu, jeusi, baya. Nikageuza saa ya mchanga. Baba akavua miwani, akafumba macho, akaingiza ule waya wake na kusikiliza. Kitinda alikuwa ananifinya mkono. Mchanga umebaki kiduchu — kacha! Limefunguka! Tukapiga kelele mpaka wapita njia wakachungulia. Baba akajifanya hamnazo, akarudisha miwani, lakini masikio yalikuwa mekundu kwa raha. Mwalimu akachukua kufuli lake na kuaga kuwa baiskeli yake sasa imepata kufuli, bado ufunguo tu. Kumbe alipoteza ufunguo mwaka juzi! Amefunguliwa bure, mjanja yule.

Mwishoni Kitinda akanipa karatasi ya siri. Kila mchezaji anaruhusiwa moja tu kwa mchezo mzima. Anaikunja, msimamizi anaisoma peke yake, na lazima itimizwe. Tukio la mwisho linapofika inasomwa kwa sauti, bila kumtaja aliyeandika. Yake inasema: "Dereva anaondoka kabla genge halijatoka. Peke yake. Harudi."

Usaliti! Hatimaye! Nilikaribia kumbusu.

Tukifunga, Baba akasimama mbele ya rafu. Safu ya tatu kuna kufuli dogo la shaba limepungua. Yule mzee anayajua makufuli yake kama watoto wake. Akalitaja mara moja, hakuuliza nani, akazima taa.

Jumatatu, 16 Juni

Furaha ya usaliti imeniishia.

Kitinda alikuja kliniki wakati wa chakula, na ovaroli lake la kazini, mikono ina grisi. Yeye ni fundi wa lifti. Amepata kazi ya kusimamia lifti zote za hospitali mpya. Lifti kumi na mbili! Nikaruka kumkumbatia. Kisha akamalizia: ni mbali, safari ya siku mbili. Miaka mitatu. Anatakiwa kujibu kabla ya Jumatatu ijayo, na Baba hajui.

Amejaribu kumwambia mara nne. Kila akifungua mdomo, Baba anaanza kumsimulia genge letu na ile sefu ya tajiri, na uso unamng'aa, na Kitinda anameza maneno. Anaishi naye nyumba moja, jamani. Akiondoka, Baba atakula na nani? Ndipo akapata wazo lake: dereva aondoke kwanza mchezoni. Amtazame Baba usoni. Akiona anaumia, kazi ataikataa, na Baba hatajua kamwe kama ilikuwepo.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mchezo si posta, akamwambie mwenyewe kwa mdomo wake! Akasema, na wewe mbona hujamwambia Baba lolote la maana tangu msiba, zaidi ya "rusha dadu"? Amenipata. Tukagawana soda.

Halafu akaniambia kufuli dogo la shaba amelichukua yeye. La begi la safari. Kwenye rafu ya fundi makufuli! Angeiba jino la daktari wangu likiwa bado mdomoni mwa daktari, ningemwelewa zaidi. Tulicheka mpaka daktari akatoa kichwa mlangoni.

Lakini niliporudi kwenye kaunta, nikaona kabisa kuwa naogopa. Nitamkosa vibaya sana mtoto huyu. Na naogopa Baba asije akarudi kwenye kile kimya chake.

Alhamisi, 19 Juni

Nimepita dukani. Baba alikuwa anachonga ufunguo mdogo, mdogo hata kwenye mashine hauonekani vizuri. Nikauliza wa nani. Wa mteja, akasema. Ajabu, haukuwa na lebo. Funguo zote za wateja anazifunga lebo, jina kwa herufi kubwa kama anaandika bango.

Akaniuliza swali la kanuni! Yeye, Baba! Mtu wa genge akitaka kwenda zake, wenzake wanaweza kumzuia? Nikafungua ukurasa. Wanaweza, wakikubaliana wote, na hapo ni dadu. Na wasipotaka kumzuia? Basi hakuna dadu, anakwenda tu. Akasema vizuri, akapuliza vumbi la ufunguo.

Au anataka kujitoa yeye? Mfungua makufuli akiondoka, mchezo umekufa! Nimerudi nyumbani nimenuna.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika nikiwa kwenye kichumba cha jikoni nyuma ya duka. Nimewaomba dakika tano, nimesingizia chai. Birika liko motoni. Naandika haraka, herufi zinapanda milima.

Tumefika tukio la mwisho. Mkufu wanao. Mwalimu amemdanganya inspekta kwa hesabu ya sehemu mpaka inspekta (mimi) akaomba kukaa. Genge liko korido ya nyuma, dereva yuko nje kwenye gari. Nikasema, kabla hatujaendelea, kuna mwenye karatasi ya siri? Ya Kitinda ilikuwa tayari mfukoni mwangu. Kitinda ameganda, hatoi macho kwa Baba.

Baba akanyanyua mkono. Akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Nzito! Nikaileta huku jikoni, nikaifungua, kikadondoka kiganjani kile kifunguo kidogo.

Ameandika kwa herufi zake za lebo: "DEREVA AKITAKA KWENDA, GENGE LISIMZUIE. UFUNGUO WA AKIBA WA KUFULI LA BEGI HUU HAPA. ASIUPOTEZE."

Kwenye mchezo wetu hakuna begi.

Nimekaa juu ya ndoo nikalia na kucheka pamoja, leso mdomoni wasinisikie. Alijua tangu Jumamosi ile! Aliona pengo kwenye rafu, akaona kufuli la aina gani, akanyamaza, akachonga ufunguo. Mzee huyu!

Sasa nifanyeje? Ya Kitinda ilitangulia, nitaisoma kwanza, hiyo haina mjadala. Ya Baba je? Nikiisoma kwa sauti yangu, itakuwa mimi ndiye niliyemwambia. Tena bila kumtaja mwandishi — wakati herufi hizo zimening'inia kwenye kila ufunguo humu dukani!

Nimefungua kitabu tena. Kinasema karatasi isomwe kwa sauti. Hakisemi isomwe na nani.

Wananiita. Mwalimu anauliza kama chai naichuma. Baba anasema, "Hakimu, toka, tuko tayari." Kitinda namsikia anagonga meza kwa kucha.

Birika limechemka. Naenda. Nitamwekea Kitinda karatasi ya Baba mbele yake, na ufunguo juu yake, nimuulize: "Dereva, unafanya nini?"

Kisha nifunge mdomo. Mungu anisaidie hapo pa kufunga mdomo.