Mkate wa Mezani Ni Hesabu

Jamani, mtu asiguse mkate ulio mezani! Si wa chai, ni hesabu.

Mama watoto, uji uongeze maji, umekuwa zege. Nilikuwa nafundisha.

Wewe mwanangu uliyejifungia bafuni: umelia kwamba fomula ya kwadratiki umeikariri kama kasuku, hujui imetoka wapi, na ikikuponyoka kwenye mtihani leo umekwisha. Nikakata mkate nikuonyeshe. Ukasema, "Baba, wewe si fundi vigae tu!" Sawa. Basi tazama kifundi. Kipande kikubwa ni x mraba. Ile bx, kipande kirefu, nimeigawa nusu kwa nusu, nikaipanga ubavu huu na ubavu huu. Imebaki kona tupu. Izibe, upande wa pili wa mlinganyo uongeze kiasi hichohicho, umepata mraba kamili. Ndipo unatafuta kipeuo cha pili. Fomula nzima ni kuziba kona, basi.

~~Ukifeli, saruji ya kuchanganya ipo.~~ Utafaulu.

Kipande cha kona usikitafute. Nilikila kwa hasira ulipobamiza mlango. Kata kingine mwenyewe; ukijua ukikate ukubwa gani, umeshaelewa.

Baba yako, fundi vigae tu