Macho Niliyoyamalizia Mimi

Mjukuu wangu mpenzi,

Kifua bado kinanibana, ila kalamu naishika. Marehemu dada yangu, bibi yako, alifundisha uchoraji miaka thelathini, na kila picha ya mtu wa ukoo aliiacha bila macho.

“Macho mwachie mwenyewe,” alinionya. “Wewe malizia chai yako, picha niachie.”

Tulipomzika, nilichukua brashi zake nikaitia picha yako macho. Mwezi uleule ukaandika kuwa yako yanafifia. Haya ya pichani nimeyasugua kwa tapentaini, hayatoki. Yananifuata chumba kizima. Jumanne asubuhi niliyafunika kwa kitambaa, na papo hapo mumeo akapiga simu: ghafla huoni kitu. Nikakiondoa mbio, naye akasema unaona tena.

Nisamehe. Njoo uichukue picha yako kabla sijafa, asije mtu akaigeuzia ukutani.

Bibi yako mdogo