Sweta Lililokataa Kupita Kichwani

Dada yangu mpenzi,

Nisamehe, barua yako ya kuniita nirudi nyumbani nimekaa nayo miezi mitatu. Mtoto anaota meno, na mikono yangu haitoki kwenye sindano za kufumia.

Nilijiunga na darasa la Jumamosi pale duka la nyuzi. Sweta langu la kwanza lilikataa kupita kichwani mwa mtoto, maana shingo niliikaza mno. Wenzangu wakavunjika mbavu: "Mama wee, hiyo si soksi?" Nikacheka nao, nikalifumua lote palepale, nikaanza upya. Mwenye duka alinitazama tu. Juzi akaniambia, "Wanaojua kufuma ninao tele. Anayefumua bila kununa ni wewe peke yako. Wanaoanza, wafundishe wewe."

Mimi, dada! Naitwa mwalimu, na mwanangu mgongoni.

Baba yake hajarudi, nami simngoji tena. Lakini sirudi nyumbani. Nauli uliyoniwekea, mnunulie baba yetu miwani.

Mimi unitumie sindano za marehemu mama, zile nene za mbao, mkasi wake mdogo, na lile sweta aliloliacha na mkono mmoja. Nitalimalizia mbele ya darasa langu.

Mdogo wako,
Mwalimu