Mnanaa Niliouvua Blanketi

Mama yangu, niliyekuzoea simuni na sasa hata simuni hupatikani,

Naogopa. Naanza na hilo kwa sababu ulikuwa ukisema nazunguka sana kabla ya kutoa neno.

Unakumbuka ulivyokuja huku Marekani, Columbia Heights, kunisaidia kulea wajukuu? Wiki ya pili tu ulikwishachoka na televisheni, ukaagiza mche wa mnanaa, ukaupanda chini ya dirisha la jikoni. Nikacheka, nikakuambia baridi ya huku itaumaliza. "Huu ni mkaidi kuliko wewe," ukasema. Nikirudi kutoka kazi yangu ya kutunza wazee, miguu imevimba, nilikuta chai ya rangi yenye majani yake imefunikwa kwa sahani, nawe umejifanya umelala ili nisikushukuru.

Ulirudi Kisii Septemba. Desemba ukatutoka. Makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa bado, sikuweza kusafiri. Nilitazama mazishi yako kwenye simu, picha ikikatikakatika.

Watu wa kanisa walikuja kunipa pole. Kabla hawajafika nilifanya ulivyonifundisha tangu utotoni, mgeni asikute takataka mlangoni. Nilikwangua theluji chini ya dirisha, nikakata vijiti vya mnanaa vilivyokauka, nikafagia majani makavu mpaka udongo mweusi ukaonekana. Nilijiona mtoto mwema. Wiki hiyo hiyo ikaja ile baridi ya kugandisha kope.

Juzi, theluji ikiwa imeshayeyuka, Mama Furaha, jirani yetu Mkongo, alinionyesha mnanaa wake umeshachipua. Nikamweleza nilivyofagia kwangu. Akashika kichwa. "Ulitoa mpaka neige? Dada, ile njo bulangeti yake!" Kumbe huku theluji na majani makavu ndiyo hufunika mizizi isigande.

Sasa kila asubuhi nakimbilia dirishani kabla sijavaa viatu. Hakuna kitu. Mjukuu wako mkubwa akaniambia, "Mom, we can just buy another one." Nikamkaripia bure, maskini. Wa kununua dukani hukuupanda wewe.

Jana nilichukua kijiko nichimbe kidogo, niione mizizi. Nikakirudisha jikoni. Ndugu zangu wote walikutupia udongo kaburini, mimi peke yangu sikuwepo. Nikikuta mizizi imeoza, mama, basi hapa nitakuwa nimekuzika mimi, kwa ufagio, huku nikidhani nakuheshimu.

Pumzika. Bado sijachimba.

Kitinda mimba wako