Zamu ya Skola

Jumapili, 9 Februari

Mabegi tayari. Sampuli za mapazia, dawa ya presha, sabuni, na pilipili ya kusaga, maana chakula cha China mimi hakinipandi bila pilipili. Skola kafika kutoka Iringa saa tisa alasiri, vumbi la basi mpaka kwenye nyusi. Kaingia na salamu ya kwao, "Kamwene, Bi Zamu," ndoo ya asali mkononi na maharage kilo tano, kana kwamba anahamia kwangu. Kesho tunaruka kutoka Songwe, uwanja wetu wa hapa Mbeya, ukungu ukiruhusu. Atupele, mwenzetu wa tatu wa biashara, atatukuta uwanjani.

Safari hii kiti cha mbele ni cha Skola. Niandike utaratibu hapa, maana mara iliyopita Atupele alitaka kubisha. Kadi ya ndege ina jina langu. Nimeipata kwa miaka ya kufuata mapazia. Kila safari inampandisha mtu mmoja kwenda daraja la mbele, kwenye kiti kinachogeuka kitanda, mradi tiketi zimekatwa pamoja. Ningeweza kukikalia peke yangu kila mara. Sikutaka. Tunazungushana kama mchezo wa kina mama: Skola, mimi, Atupele, halafu tunaanza tena. Tunakitumia wakati wa kurudi, miguu ikiwa imekwisha. Kubadilishana zamu ni kwa msiba au ugonjwa tu, na mwenye shida aitamke mwenyewe kwa mdomo wake.

Ndiyo maana Skola ananiita Bi Zamu. Aniite tu. Pasipo utaratibu tungeshagombana zamani.

Jumatatu, 17 Februari. Guangzhou

Mama yake Atupele amefariki. Simu imetoka Tukuyu tukiwa kwenye duka la maua ya plastiki. Atupele anapamba kumbi za harusi, alikuwa ameshika mafungu mawili ya maua meupe. Hakuyaachia mpaka Skola alipomfungua vidole kimoja kimoja. Mimi nilibaki nimesimama na kikokotoo mkononi. Sijui kubembeleza.

Jumatano, 19 Februari. Dar

Tumetua. Skola alimpa Atupele kiti chake cha mbele bila kuombwa. "Nenda huko ulie vizuri, huku watu watakutumbulia macho." Msiba, kwa hiyo halali. Nimewatamkia wote wawili: zamu ya Skola haijapotea, safari ijayo kiti ni chake, halafu ndiyo nifuate mimi. Skola kasema, "Mambo ya zamu yaache leo, mama." Mimi siachi. Haki ya mtu ni haki ya mtu hata siku ya msiba.

Ijumaa, 30 Mei

Baridi imeanza. Dukani nauza nimejifunga kanga mbili mabegani. Tiketi za Juni nimekata, zangu na za Skola tu. Atupele hasafiri, binti yake wa kwanza anakaribia kujifungua.

Skola kapiga simu. Kiuno kinamsumbua, anasema ni maboksi ya viatu. Anauza viatu vya watoto pale Iringa na hataki kuajiri mbebaji. Nimemwambia apake dawa ya kuchua.

Jumatano, 4 Juni

Skola kafika. Amekonda. Nimemwuliza, kasema anafunga. Mkatoliki anafunga nini mwezi wa sita, Pasaka ilishapita? Kacheka. Kala ndizi mbili, sahani kaisukumia kwangu. Kaomba mto wa pili wa kuweka chini ya magoti. Safari hii hakuleta asali.

Anajitia unyonge. Akishafika kwenye maduka ya viatu atakimbia kuliko mimi.

Jumamosi, 14 Juni. Angani

Naandika nikiwa mbele. Zamu yangu.

Tukiwa kwenye foleni Skola alinishika kiwiko. "Bi Zamu, leo niachie mimi kiti." Nikamwuliza sababu. Akasema amechoka. Nikamwambia kuchoka si sababu, sote tumechoka, mimi nimembeba nani mgongoni? Akasema, "Hebu kumbuka vizuri." Nikamjibu nakumbuka vizuri sana: Februari wewe, leo mimi, ijayo Atupele. Akanitazama kidogo. Akacheka, akavuta begi lake akaenda.

Imeniudhi. Kumbuka vizuri! Kana kwamba ninatunza zamu kwa kubahatisha. Tena wiki nzima alikuwa ananituma nikamtazamie viatu huku yeye amekaa kwenye kiti cha muuzaji anakunywa maji ya moto.

Humu hasomi mtu, kwa hiyo niseme. Nilikitaka. Tangu mwaka jana nakiwaza kiti hiki. Ningempa, ningerudi nyuma na hasira mpaka Dar. Nimepewa ndala za kitambaa na blanketi zito. Samaki wa kuoka, kwenye sahani ya udongo kabisa. Nimenyoosha miguu yote miwili. Nalala.

Jumapili, 15 Juni. Dar

Skola hakuweza kusimama.

Abiria wote walishuka, mimi nikamsubiri kwenye korido, nikaona hatokei. Nikarudi ndani. Alikuwa amepewa kiti cha kati, mstari wa tatu kutoka chooni, mwanamume mnene huku na mwanamume mnene huku. Wameshaondoka, yeye bado amekaa katikati, mikono imeshika kiti cha mbele yake. Kanga aliyojifunika imelowa jasho. Akasema ganzi tu. Wakaleta kiti cha magurudumu.

Wakati anasukumwa akaniuliza, "Haya, kilikuwaje?" Nikamwambia kawaida tu, hakuna cha ajabu. Nimemdanganya. Nilikuwa nimelala kuliko nilivyolala nyumbani mwaka mzima.

Alhamisi, 26 Juni

Skola hapokei simu. Maboksi yake ya viatu yako stoo kwangu, hajatuma mtu. Atupele kapata mjukuu wa kike. Nimempelekea mapazia ya chumba cha mtoto, ya njano. Kanishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, mara tatu. Kaniuliza habari za Skola. Nimesema yuko salama, uvivu wa simu tu.

Jumanne, 15 Julai

Neema kapiga, binti wa Skola. Ni saratani. Imeanzia kwenye kizazi, imeshafika uti wa mgongo. Mama yake alijua tangu Aprili.

Tangu Aprili. Alikuja kwangu Juni anajua. Alipanda ndege anajua. Alisimama kwenye foleni na mimi, akanishika kiwiko, anajua, akasema amechoka.

Nimemkasirikia. Nimetembea dukani huku na huku namgombeza kwa sauti mpaka mteja akatoka. Kwa nini hakusema? Utaratibu unasema mwenye shida aitamke! Neno moja tu. Ningempa kiti na kadi yenyewe.

Jioni hasira imegeuka. Amekaa kiti cha kati na mgongo ule. Mimi nimelala.

Jumamosi, 2 Agosti. Iringa

Nimepanda basi la kwanza. Makambako baridi imetuingia mpaka kwenye mifupa. Ipogolo nikachukua teksi hadi Tosamaganga, amelazwa hospitali ya pale, ndiko kwao. Nimemkuta amelala ubavu, uso ukutani. Nikasema kamwene. Akasema bila kugeuka, "Bi Zamu, umepata likizo?"

Miguu haisikii tena. Nilimshika unyayo, hakujua nimemshika.

Nilimwuliza swali langu. Kwa nini hukusema? Akasema, "Ningesema, ungenipa kwa kunihurumia. Nilitaka unipe tu."

Nikasema kuanzia leo zamu zote ni zake, zangu na za Atupele, Atupele hatakataa. Akacheka mpaka akakohoa. "Umevunja sheria, mama. Andika kwenye daftari lako."

Halafu akaniomba nimsimulie kiti. Kile nilichosema cha kawaida. Nikamsimulia. Kitufe cha kushusha mgongo, kitufe cha kupandisha miguu. Blanketi. Ndala za kitambaa. Samaki na kachumbari pembeni. Taulo ndogo ya moto waliyokuja nayo kwa koleo. Aliuliza taulo ilikuwa na harufu gani. Nikasema ndimu. Akafumba macho. "Endelea." Nikaendelea mpaka nikaishiwa, nikaanza kutunga vitu ambavyo havikuwepo.

Kabla sijaondoka aliomba nimgeuze upande wa pili. Nilimgeuza vibaya, akaumia. Nesi akaja akanionyesha. Mikono hii kazi yake ni kupima vitambaa.

Jumatano, 10 Septemba

Skola amefariki saa nne asubuhi. Neema kapiga simu, nilikuwa nakata pazia la mteja. Nimelikata fupi.

Jumamosi, 13 Septemba. Iringa

Tumemzika. Misa ilikuwa ndefu. Mimi Mwislamu nilikaa benchi la mwisho na Atupele, yeye Mmoraviani, kila mmoja anainuka watu wakiinuka. Upepo wa huku ulikuwa unapeperusha kanga za watu makaburini. Watoto wa jirani wamevaa viatu vya dukani kwa Skola, vyeusi, vipya. Neema aliwagawia mwenyewe.

Wakati wa chakula tulikaa mkekani. Atupele akawa analia na kusimulia, kama tunavyofanya wote. Akasema hatamsahau Skola kwa ile siku ya msiba wa mama yake, alivyompa kiti. Halafu akaniuliza, hana hili wala lile, "Angalau Juni alikaa mbele, si ndiyo? Maana ile ya Februari alinipa mimi, ukasema ijayo ni yake."

Nilikuwa na tonge mkononi. Nikalirudisha kwenye sahani. Nikasema ndiyo, alikaa.

Jumapili, 14 Septemba. Mbeya

Nimefika, sijavua hata viatu, nimefungua humu nyuma. Tarehe 19 Februari. Mwandiko wangu. Safari ijayo kiti ni chake, halafu ndiyo nifuate mimi.

Haikuwa zamu yangu. Ilikuwa yake. Nilimwambia kuchoka si sababu wakati hakuhitaji sababu yoyote. Alijua. Akaniambia nikumbuke vizuri, nikaona ananidharau, kwa sababu mimi ndiye mtunza zamu na mimi sikosei. Angeweza kunibana palepale kwenye foleni, nikaaibika mbele ya watu. Hakufanya. Pale kitandani pia alikuwa na nafasi ya kunieleza. Aliniuliza habari za taulo.

Nimemnyang'anya kiti mgonjwa, na kiti chenyewe ni chake. Halafu nikamzawadia kile kilichokuwa chake, nikajiona mwema.

Na Atupele nimemdanganya juu ya mkeka wa msiba.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimemwambia Atupele ukweli. Nilimkuta anaogesha mjukuu. Alisikiliza hadi mwisho, hakunitukana. Ningependa anitukane. Alimfunga mtoto taulo, akanipa nimshike, akatoka uani akakaa huko muda mrefu. Aliporudi macho mekundu. Akasema, "Na mimi nilipaswa kupiga simu Juni nikukumbushe. Nilikuwa na ya kwangu." Mtoto alinikojolea.

Jumanne, 18 Novemba. Angani

Safari ya kurudi. Tuko wawili. Biashara imetulazimisha, mwisho wa mwaka watu wanataka mapazia na harusi.

Guangzhou nilipita kwenye lile duka la viatu. Muuzaji aliuliza kwa ishara, yule mwembamba yuko wapi. Nikashindwa kuonyesha. Akaelewa, akatoa kiti chake akanikalisha.

Kwenye kaunta binti akauliza nani anapanda mbele. Atupele akanitazama, zamu ya nani? Nikasema ya Skola. Binti akatafuta jina hilo kwenye tiketi zetu, hakuliona, akauliza tena. Nikamwambia amwandike Atupele. Atupele akaanza kukataa. Miguu yake imevimba tangu juzi, lakini hajasema kitu, na mimi sikuuliza. Nimemwambia tu aende. Kaenda.

Nimeomba kiti cha kati, huku nyuma. Kushoto mama wa Kichina amesinzia, kulia kijana ana vipokea sauti masikioni. Magoti yamegusa kiti cha mbele. Mgongo umeanza kuuma saa ya tatu, bado safari ni ndefu.

Atupele kaja sasa hivi kunichungulia, amevaa zile ndala za kitambaa. Kaniletea taulo yake ya moto, imeshapoa. Nimeinusa. Haina harufu ya ndimu. Haina harufu yoyote.